Rangi za uso kwa Joker wa Chuga: ipi ununue, ipi uiache dukani

Seti ya plastiki yenye rangi 12, brashi mbili nyembamba na kipande cha sponji ndicho kitu cha kwanza ambacho machalii wengi hununua wakishaamua kutengeneza mfululizo wao wa Joker, yule adui wa Batman mwenye uso mweupe, wa kurusha YouTube. Mjini Arusha, yaani Chuga, utaikuta kwenye maduka ya zawadi na ya vifaa vya shule, zaidi kuelekea Krismasi, na bei yake haiumizi. Si bidhaa mbaya. Ila imetengenezwa kwa kazi ya kumchora mtoto kipepeo shavuni siku ya kuzaliwa kwake. Kumfunika mtu mzima uso wote, abaki na sura ileile kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya nane, tena zikipigwa wikiendi tofauti tofauti, ni kazi nyingine kabisa. Hapa tunapima aina tatu za rangi kwa kazi hiyo: ya maji, ya mafuta na ya vijiti. Tunazipima kwa ngozi nyeusi, na kwa hali ya hewa ya huku, maana rangi inayotulia Arusha mwezi Julai huteleza Moshi mwezi Februari.

Kabla ya kutoa hela, mwongozaji aamue anatengeneza Joker yupi. Swali hili watu wengi hulipita, na ndilo linaloamua bidhaa. Mhusika huyu alitokea mwaka 1940 katika toleo la kwanza la kitabu cha katuni cha Batman, na sura yake ilichukuliwa kutoka kwa Conrad Veidt, mwigizaji wa filamu isiyo na sauti ya 1928 aliyecheza mtu mwenye tabasamu lisilofutika. Katika vitabu vya katuni, tangu hadithi ya mwaka 1951 iliyoeleza asili yake, weupe ule ni ngozi yenyewe: alitumbukia kwenye kemikali. Ukifuata Joker huyo, weupe lazima ufike masikioni, shingoni, kwenye viganja na hata nyuma ya shingo pale kola inapoishia. Joker wa sinema ya 2008, The Dark Knight, ni jambo jingine. Yule amejipaka mwenyewe, na rangi inaruhusiwa kupasuka, kuchuruzika na kuacha ngozi ikionekana. Wa sinema ya 2019, Joker, anaanza kama mchekeshaji wa kulipwa, kwa hiyo pembetatu za buluu juu na chini ya macho zina kingo kali, na ncha ya pua ina wekundu safi. Kingo kali zinataka rangi ya maji. Uso uliochakaa unataka ya mafuta. Weupe wa ngozi nzima unataka mafuta na poda nyingi, na mwigizaji mvumilivu.

Jambo moja la huku kwetu liingie kwenye hesabu hiyo. Uso uliopakwa nyeupe pamoja na nguo nyeusi una maana yake tayari kando ya barabara ya kwenda Makuyuni na Karatu: ni vijana wa Kimaasai waliotoka jando. Ukimvika Joker wako shuka au koti jeusi na kumpaka michirizi myeupe, mtazamaji wa Arusha hatamwona Joker, na wenye mila yao watakuwa na haki ya kukasirika. Suti ya zambarau inafanya kazi zaidi ya urembo hapa.

Tuanze na rangi ya maji. Ni kidonge kikavu kinacholainishwa kwa maji, sawa na rangi za kuchorea za darasani, ila imetengenezwa kwa ajili ya ngozi. Seti za bei ya chini hazina jina linalojulikana. Za kuagiza kama Snazaroo ya Uingereza huuzwa pia kopo moja moja la mililita 18, na Aquacolor ya Kryolan ya Ujerumani ndiyo inayotumiwa na wapambaji wengi wa jukwaani. Tofauti unaiona kwenye nyeupe. Nyeupe ya seti ya bei nafuu ina rangi kidogo na kijazio kingi, kwa hiyo inakauka ikiwa kama vumbi la chaki. Halafu kidonge chake kina ukubwa uleule wa kijani na pinki, rangi ambazo Joker hazihitaji hata robo. Nyuso mbili tatu, nyeupe imekwisha na umebaki na rangi kumi na moja za kuchezea watoto.

Inavyopakwa: lowesha sponji, ikamue mpaka isitoe hata tone ukiibana, kisha isugue juu ya kidonge kwa mzunguko hadi upate uji mzito kama mtindi. Paka kwa kugonga-gonga, usivute. Tabaka la kwanza liwe jembamba na liachwe likauke kabisa, dakika tatu hadi tano, ndipo upake la pili. Anayeharakisha la pili huliamsha la kwanza, na sponji inaling'oa kwa mabaka. Maji yakizidi unapata michirizi. Yakipungua rangi inajikunja na kuacha vipele. Hata ukifuata yote, rangi ya maji ina ugonjwa wake pale pembeni mwa mdomo na kwenye mistari ya paji la uso. Imekauka, ngozi inanyumbuka, yenyewe hainyumbuki. Joker ni mtu wa kucheka na kuongea sana, na nyufa zinaanza kuonekana kabla hata hamjamaliza mazungumzo ya kwanza. Tone moja la gliserini kwenye maji ya kulowekea sponji linasaidia, na gliserini haikosekani duka la dawa. Matone matatu ni mengi: rangi haitakauka tena.

Jasho ni adui mwingine. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na asubuhi nyingi ni za ubaridi, kwa hiyo rangi ya maji inavumilia. Moshi iko chini zaidi, na kuanzia Januari hadi Machi joto lake linayeyusha mdomo wa juu na kipaji cha uso ndani ya muda mfupi. Jasho likishatoboa njia, usijaribu kuziba kwa sponji yenye maji. Kausha kwa kugusisha tishu, kisha paka kiraka kwa brashi karibu kavu.

Sasa suala linalowashangaza wengi kwenye kioo cha simu: kwa nini nyeupe juu ya ngozi nyeusi inakuwa kijivu, wakati mwingine na ubuluu kama wa maiti? Sababu ni unene. Tabaka jembamba la nyeupe halizibi. Linatawanya mwanga, na mwanga wa buluu hutawanyika zaidi ya mwekundu, huku weusi wa chini ukimeza unaobaki. Watu hukimbilia kuongeza tabaka la tatu na la nne, na uso unakuwa kinyago kinachobanduka. Dawa yake ni kupaka chini rangi ya machungwa kabla ya nyeupe: ile krimu ya kusahihisha madoa ambayo wapambaji wa maharusi hutumia chini ya macho, au faundesheni iliyo nyekundu kidogo kuliko ngozi ya mwigizaji. Ipake nyembamba, ipige poda, kisha nyeupe. Njia ya pili ni kuchanganya chembe ya njano ndani ya nyeupe, kiasi cha ncha ya kiberiti kwa kijiko cha chai. Na kama Joker wako ni yule aliyechakaa, acha ukijivu ubaki kwenye mashavu na uzibe vizuri kipaji cha uso na pua tu. Unapendeza zaidi kuliko weupe wa ukuta, na hiyo ni faida ambayo ngozi nyeusi inakupa bure.

Nyeupe ya mafuta ndiyo bidhaa ya kuwekea hela. Huuzwa kwa jina la nyeupe ya machale (clown white). Mehron na Ben Nye za Marekani zinatengeneza, na Kryolan pia. Mara nyingi utaiagiza Dar es Salaam au Nairobi, na kopo moja linaweza kugharimu seti kadhaa za rangi 12. Lakini uso mzima unatumia kama kijiko cha chai kimoja tu, pengine pungufu, kwa sababu mafuta yanabeba rangi nyingi. Haikauki, kwa hiyo haipasuki. Inanyumbuka na uso. Hasara zake ni mbili. Inang'aa chini ya taa, na inahamia kwenye kila kitu: kola, simu, mkono wa mwigizaji mwenzake.

Zote mbili zinatibiwa kwa poda, na hapa ndipo kazi hufaulu au huharibika. Weka rangi nyuma ya kiganja ipate joto, ichukue kwa vidole viwili, isambaze nyembamba kuanzia katikati ya uso kwenda nje, kisha pigapiga uso wote kwa ncha za vidole mpaka alama za kuvuta zipotee. Kupigapiga huko kunachukua muda kuliko kupaka kwenyewe, na ndiko kunakofanya weupe uwe sawasawa. Chukua soksi safi ya pamba, ijaze poda ya mtoto hadi nusu, ifunge fundo. Mwigizaji afumbe macho na abane pumzi, umgonge-gonge na soksi uso mzima mpaka afanane na mtu aliyeangukiwa na gunia la unga. Ngoja dakika tano mafuta yanywe poda. Pangusa iliyozidi kwa brashi laini, kisha puliza maji mepesi kwa chupa ya kunyunyizia ili uso upoteze ule ufifi wa vumbi. Usisugue poda. Ukisugua, unatengeneza uji. Wanga wa mahindi unaouzwa madukani kama kornfulawa unafaa badala ya poda ya mtoto na hauna harufu, ila ukilowa jasho hujikusanya kwenye mikunjo.

Kwa mtindo wa 2008 kuna ufundi unaojulikana na usio na gharama. Mpambaji John Caglione Jr. alimpaka Heath Ledger, aliyecheza Joker huyo, huku uso umekunjwa. Ukikunjuka, mistari inabaki bila rangi na ngozi inaonekana ndani yake. Mwambie mwigizaji akunje kipaji na kubana macho, paka juu juu, mwachie. Kwa rangi ya mafuta hili linatoka mara ya kwanza. Kwa rangi ya maji mistari inatoka pia, lakini inaendelea kuongezeka yenyewe, na sura ya saa nne asubuhi haitalingana na ya saa sita.

Ndevu zinyolewe usiku wa kuamkia kazi, si asubuhi ile. Ngozi iliyotoka kunyolewa huwasha. Cesar Romero, Joker wa tamthilia ya televisheni ya Batman iliyoanza 1966, aligoma kunyoa masharubu yake, wakampaka nyeupe juu yake, na masharubu yanaonekana mpaka leo.

Vijiti, vile vinavyofanana na kalamu za nta, viache dukani. Ni vigumu, vinavuta ngozi, na rangi yake haizibi. Vinafaa kuchora bendera shavuni siku ya mpira.

Nyekundu na nyeusi huna sababu ya kuagiza. Lipustiki ya kawaida isiyong'aa, yenye wekundu uliokolea, inatosha kwa mdomo na kwa mchoro wa tabasamu. Ipakwe baada ya nyeupe kupigwa poda, vinginevyo inaingia ndani ya nyeupe na unapata pinki. Kwa macho tumia penseli ya wanja ya vipodozi, sambaza kwa kidole hadi kwenye mfupa wa nyusi, kisha ziba kwa poda nyeusi ya macho. Ukitaka ichuruzike, puliza maji kidogo macho yakiwa yamefumbwa kwa nguvu, mwigizaji atikise kichwa mara moja.

Vitu vya kukataa hata mkiwa mmebanwa: piko, kiwi cha viatu, rangi ya mabango ya shule, na chokaa. Piko ya kuchorea ni rangi ya nywele yenye kemikali inayoweza kuunguza ngozi na kuacha malengelenge, na karibu na macho ni hatari kubwa. Wanja wa unga usio na lebo baadhi yake una madini ya risasi. Chokaa ikikutana na jasho inachoma. Maneno "haina sumu" kwenye rangi ya shule yanamaanisha mtoto akiilamba kidogo hatadhurika. Hayasemi lolote kuhusu kuikausha usoni kwa muda wa saa tano. Na hata kwa rangi halali, ipake kiasi cha shilingi moja ndani ya kiwiko siku moja kabla. Pakiwasha au pakivimba, mwigizaji huyo na rangi hiyo basi.

Makovu ya mdomoni ya 2008 yalikuwa ya silikoni. Ya kwenu yatoke jikoni: jelatini isiyo na ladha kijiko kimoja, gliserini kijiko kimoja, maji kijiko kimoja. Acha jelatini inywe maji dakika kumi, ongeza gliserini, weka bakuli ndani ya sufuria ya maji moto na koroga taratibu mpaka iwe angavu. Isichemke, ikichemka inapoteza nguvu ya kushika. Mwaga juu ya nailoni iliyopakwa mafuta, ifanye vipande vyembamba vyenye kingo nyembamba zaidi, iache igande. Kipande kinabandikwa kwa jelatini kidogo ya vuguvugu, iliyojaribiwa kwanza kwenye kifundo cha mkono wako, na kingo zinalainishwa kwa kidole chenye maji moto. Kinachoharibika ni kingo nene, zinazotoa kivuli kwenye kamera na kuonekana kama plasta. Joto ni la pili: jelatini hulegea, hivyo mkiwa Moshi pigeni matukio ya karibu ya uso mapema asubuhi. Tena soma pakiti. Jelatini nyingine ni ya nguruwe, na mwigizaji Mwislamu ana haki ya kujua kabla haijafika mdomoni mwake.

Nywele: rangi ya kupuliza hufunika weusi vizuri lakini hubanduka kama mba juu ya mabega ya suti. Rasta za kijani kutoka duka la saluni, zikashonwa juu ya kofia ya kusukia wigi na kukatwa ovyo, zinadumu mfululizo mzima.

Kamera ndiyo inayofichua udhaifu wa rangi, kwa hiyo ipimwe nayo. Simu ikiachiwa ijipangie mwanga, itaona uso mweupe na kupunguza mwanga wa picha nzima. Mwigizaji mwingine aliyesimama karibu na Joker atabaki macho na meno. Bonyeza na ushikilie kioo mpaka mwanga na fokasi vifungwe, na ufungie kwenye uso wa yule mwingine. Taa kuu iwe karibu naye. Joker asimame nusu kivulini. Umeme wetu ni wa hertzi 50, na taa nyingi za LED za bei nafuu humemeteka mara 100 kwa sekunde. Ukipiga fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) ya sekunde 1/50 au 1/100, mistari inayotembea juu ya uso mweupe hupotea. Kwa shata ya 1/60 hurudi, na juu ya uso mweupe inaonekana kuliko popote. Fungia pia mizani ya rangi (white balance), la sivyo weupe ule ule utakuwa wa buluu chumbani na wa njano nje.

Sasa mwendelezo, pale mfululizo unapotofautiana na picha moja ya Instagram. Weusi wa jicho ukipanda nusu sentimita kati ya Jumamosi hii na ijayo, mtazamaji anaona mruko hata kama hajui ameona nini. Piga picha tatu kila baada ya kupaka, mbele, kushoto na kulia, chini ya taa ileile, na uzichapishe. Picha ya ndani ya simu hubadilika na mwanga wa kioo. Kwa mtindo wa 2019 kata kiolezo cha pembetatu za macho kwenye jalada la faili la plastiki, toboa tundu dogo la kulinganisha na kona ya jicho, na ukiandike "kulia" na "kushoto". Rangi ya maji kwa sponji kavu juu ya kiolezo inatoa kingo safi, na hapo ndipo ile seti ya rangi 12 inastahili bei yake: buluu na nyekundu zake ni nzuri kuliko nyeupe yake. Mpangilio unaofaa timu nyingi ni kopo moja la nyeupe ya mafuta pamoja na seti moja ya bei nafuu kwa ajili ya rangi nyingine. Mkikosa fedha ya kopo, nunueni nyeupe moja nzuri ya maji ya pekee, na muandike matukio mafupi yenye maneno machache.

Mkitoka mtaani, iwe Mnara wa Saa au soko la Kilombero, muwe na kibali cha Bodi ya Filamu na muwaarifu viongozi wa eneo. Uso uliopakwa na bastola ya plastiki mbele ya benki havijadiliki.

Kutoa rangi kunaanza na mafuta, si maji, hasa kwa nyeupe ya mafuta. Paka mafuta ya nazi au ya mtoto uso mkavu, sugua taratibu dakika moja mpaka rangi ielee, pangusa kwa tishu kuelekea nje, rudia, ndipo sabuni na maji ya vuguvugu. Spiriti na mafuta ya taa visiguse uso. Nyeusi kwenye mizizi ya kope haitoki yote siku ileile hata kwa pamba na mafuta. Ikilazimishwa, jicho linakuwa jekundu. Mwigizaji mwenye ibada Jumapili asubuhi amalize sehemu zake Jumamosi kabla ya saa tisa, apate usiku wa kupaka mafuta mara ya pili.